Jani Lisilosema Kweli: Virusi ndani ya Seli za Muhogo na za Okidi

Barabara itokayo mjini Mbinga kwenda Mbamba Bay huanza katika nchi ya baridi na kuishia katika nchi ya joto. Juu, kwenye milima ya Umatengo, mkulima hupanda kahawa, na katika mashimo ya ngoro hupokezanisha mahindi na maharage. Chini, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, ambako uso wa maji uko kiasi cha mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, muhogo ndio nguzo ya chakula. Kutoka Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay, ugali wa muhogo kwa dagaa wa ziwani ni mlo wa siku nyingi za mwaka.

Muhogo una sifa ambayo nafaka haina: ghala lake ni udongo wenyewe. Mahindi yakikomaa hayana budi kuvunwa, kukaushwa na kulindwa dhidi ya panya na dumuzi. Muhogo huachwa ulipo. Shina moja huchimbwa leo, jingine wiki ijayo, na mengine husubiri hata mwaka wa pili. Kwa hiyo mama ang'oaye shina lenye majani ya kijani kibichi, akaumenya mzizi na kukuta ndani yake mabaka makavu ya rangi ya kahawia, magumu kama kizibo, hakupoteza mlo wa siku hiyo peke yake. Amepoteza pia imani yake katika ghala zima, maana hawezi kujua ni mashina mangapi mengine yaliyo katika hali hiyo.

Ugonjwa huo huitwa michirizi kahawia. Si uozo uletwao na maji mengi, wala si kazi ya mchwa, ingawa wakulima wengi wamewahi kudhani hivyo. Chanzo chake ni virusi, na swali linaloulizwa na kila aliyeuona ni la haki kabisa: mmea wawezaje kuonekana mzima juu ya ardhi, na kumbe umeharibika chini yake? Jibu halipatikani kwa kulitazama shamba. Hutafutwa ndani ya seli.

Ugonjwa wa zamani, jina la zamani

Muhogo wa Afrika ya Mashariki una maradhi mawili makubwa ya virusi, na yote mawili yaliandikwa kwa mara ya kwanza kutoka nchi hii. Batobato, ambayo huyakunja majani machanga na kuyatia mabaka ya manjano, ilielezwa na Mjerumani Warburg mwaka 1894. Michirizi kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara. Hakuona kirusi chochote kwa macho, na asingaliweza. Alichokiona ni kwamba ugonjwa ulihama kutoka mmea mmoja hadi mwingine kwa njia ya kuunganisha vikonyo, bila kuvu wala bakteria kuonekana.

Mwaka 1950 mwenzake, R. F. W. Nichols, alieleza mahali ugonjwa ulipokuwa ukiishi: ukanda wote wa pwani ya bahari kuanzia Kenya hadi Msumbiji, na maeneo ya chini ya Nyasaland, yaani Malawi ya leo, kandokando ya ziwa hilihili. Juu ya mita 1,000 hivi ulikuwa nadra. Kwa miaka mingi basi iliaminiwa kwamba kimo cha nchi ni ukuta. Imani hiyo ilibomoka baada ya mwaka 2004, ugonjwa ulipoonekana Uganda katika sehemu zilizo juu ya kimo hicho, na baadaye katika maeneo yanayolizunguka Ziwa Viktoria. Uchunguzi wa kurithi ulionyesha kwamba virusi vinavyohusika ni vya spishi mbili zilizo ndugu, wala si moja. Mkulima wa miteremko ya Mbinga, ambaye zamani angaliweza kujifariji kwamba ugonjwa ni wa watu wa ziwani, hana tena sababu ya kuutegemea mlima.

Ukubwa wa kitu kisichoonekana

Kirusi cha michirizi kahawia ni uzi. Urefu wake ni kati ya nanomita 650 na 690, na unene wake ni kiasi cha nanomita 12. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Tarakimu hizi hazimwambii mwanafunzi mengi mpaka zilinganishwe na kitu akijuacho. Tuseme uzi huo umekuzwa mpaka ukawa na urefu wa sentimita 10, sawa na kipande cha chaki kilicho kirefu kidogo. Kwa kipimo hicho, seli moja ya jani yenye upana wa mikromita 50 ingekuwa na upana wa mita saba na nusu, yaani chumba kizima cha darasa. Lakini uzi wenyewe usingekuwa na unene wa chaki. Ungekuwa na unene usiofika milimita mbili.

Hapo ndipo hadubini ya shule inaposhindwa. Hadubini itumiayo mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya nanomita 200 hivi, hata lenzi zikiwa bora namna gani, kwa sababu mwanga wenyewe ni mawimbi na una upana wake. Katika darasa letu la kuwaza, nanomita 200 ni sentimita tatu. Urefu wa uzi unazidi kiasi hicho, ila unene wake uko chini mno, nao hupotea kabisa. Ilibidi kungojea hadubini ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na wenzake walianza kuiunda Ujerumani mwaka 1931. Mwaka 1939 picha ya kwanza ya kirusi cha mmea, kile cha batobato ya tumbaku, ilichapishwa.

Mwaka 1964 watafiti wawili wa Brazil, E. W. Kitajima na A. S. Costa, walitangaza katika jarida la kilimo la Afrika ya Mashariki kwamba wameona chembe ndefu zinazoandamana na michirizi kahawia ya muhogo. Jina la Kitajima lafaa kukumbukwa, kwani litarudi.

Kuona chembe katika utomvu uliosagwa ni jambo moja. Kuona mahali zinapokaa ndani ya seli ni jambo jingine, na ni kazi ya subira. Kijipande cha jani hugandishwa kwa kemikali ili kisioze, hukaushwa maji kwa alkoholi, kisha huzamishwa katika gundi ngumu inayofanana na plastiki. Gundi ikishakuwa ngumu kama jiwe, hukatwa kwa kisu cha kioo au cha almasi kupata vipande vyenye unene wa nanomita 70 hivi. Seli moja ya jani ingetoa vipande kama mia saba vya namna hiyo. Kila kipande hupakwa chumvi za urani na risasi, kwa kuwa elektroni hupita kirahisi katika vitu vyepesi na kuzuiwa na vizito. Bila chumvi hizo picha ingekuwa ukungu mtupu. Anayetazama anaona kipande kimoja katika mia saba, na kutokana na hicho hana budi kuwaza umbo la kitu kizima.

Pangaboi ndani ya saitoplazimu

Katika seli nzima ya jani la muhogo, picha huonyesha ukuta, kiini, kloroplasti zilizojaa kando kando, na katikati uwazi mkubwa wa maji. Katika seli iliyoambukizwa huonekana, humo katika saitoplazimu, kitu ambacho hakikuumbwa na mmea: mabawa membamba yaliyopinda, yakitoka katika kitovu kimoja kama pangaboi la karatasi ambalo watoto hukimbia nalo upeponi.

Pangaboi hili si kirusi. Jambo hili huwachanganya wanafunzi, na hata vitabu vingine hupita juu yake haraka mno. Kirusi ni ule uzi: mnyororo wa RNA wenye herufi za kurithi zipatazo elfu tisa, uliofunikwa na protini ya koti. Mnyororo huo ukiingia katika seli husomwa na mitambo ya seli yenyewe kama sentensi moja ndefu isiyo na nukta, na protini ndefu inayopatikana hukatwakatwa kuwa protini kumi hivi zenye kazi mbalimbali. Mojawapo, ambayo hufanya kazi ya kufungua mikunjo ya RNA, hutengenezwa kwa wingi kupita kiasi. Hujipanga bega kwa bega hata ikawa karatasi, na karatasi hizo hujikunja kuzunguka mhimili mmoja. Ndizo zinazoonekana kama pangaboi.

Anayetaka kulielewa umbo hilo na achukue kabichi ndogo, au mkeka uliosokotwa kuwa bomba, akate katikati kwa upande. Ataona misokoto. Akikata kitu kilekile kwa urefu, ataona mistari iliyonyooka, sambamba. Ndivyo ilivyo katika picha za seli: pangaboi, msokoto na fungu la mistari vyaweza kuwa kitu kimoja kilichokatwa kwa pembe mbalimbali. Mwaka 1966 Mmarekani J. R. Edwardson alieleza kwamba maumbo haya huandamana na virusi vya ukoo mmoja, ambao leo huitwa Potyviridae, na tangu hapo pangaboi limekuwa kama chapa ya ukoo. Ukoo huohuo una virusi viwili vya batobato ya maharage, ambavyo hubebwa na vidukari na katika mbegu yenyewe. Hivyo maharage ya kwenye ngoro huko juu, na muhogo wa mchangani kule chini, mazao mawili yasiyofanana kwa lolote, huweza kuugua maradhi yenye alama moja ndani ya seli.

Na pangaboi lina kazi gani? Katika virusi vya ukoo huu vilivyochunguzwa kwenye tumbaku na njegere, imeonekana kwamba mwanzoni mwa maambukizo maumbo haya hayaelei ovyo. Husimama ukutani mwa seli, kama koni, mbele ya vinjia vyembamba viunganishavyo seli na jirani yake. Ni dalili kwamba husaidia kukivusha kirusi mlangoni. Baadaye, kazi ikiisha, hubanduka na kujaa katikati ya seli, kama majukwaa yaliyoachwa baada ya jengo kukamilika.

Kirusi cha michirizi kahawia kina ajabu nyingine iliyogunduliwa na kundi la mtafiti wa Kitanzania, Deogratius Mbanzibwa, mwaka 2009. Miongoni mwa protini zake kuna moja iitwayo Ham1. Viumbe wenye seli hutumia protini ya aina hii kuharibu herufi mbovu za kurithi kabla hazijaingizwa kwenye mnyororo. Kuikuta ndani ya kirusi ni jambo adimu sana.

Batobato ya muhogo, kwa upande wake, haina pangaboi. Virusi vyake ni vya ukoo mwingine kabisa: hubeba DNA badala ya RNA, na chembe zake ni pacha, mipira miwili iliyoshikana yenye urefu wa nanomita 30 na upana wa 20. Katika darasa letu la kuwaza zingekuwa punje mbili za mtama zilizogandamana. Nazo hukaa katika kiini cha seli. Kwa hiyo shina moja la muhogo laweza kuwa na maradhi mawili, moja likifanya kazi katika kiini na jingine katika saitoplazimu, na yote mawili yakiwa yameletwa na mdudu mmoja, nzi mweupe, ambaye hujificha chini ya majani machanga.

Okidi yaingiaje?

Okidi ni maua ya anasa katika nchi nyingi, na kwa sababu ya thamani yake virusi vyake vimepigwa picha nyingi kuliko vya mazao mengi ya chakula. Hilo si haki, lakini faida yake imewafikia hata wakulima wa muhogo.

Virusi viwili vimeenea duniani pote katika okidi za bustani. Kimoja ni uzi unaopindika, wenye urefu wa nanomita 475 hivi. Kingine ni ufito mgumu wa nanomita 300, ndugu wa kile cha tumbaku. Uzi hujikusanya katika mafungu kama matita ya nyasi. Ufito hujipanga safu kwa safu kwa unadhifu hata hufanya fuwele ndani ya saitoplazimu. Kirusi cha tatu huletwa na utitiri mwekundu, na huyatia majani mabaka ya duara. Hapa ndipo Kitajima na Costa wanaporudi: mwaka 1974, pamoja na A. Blumenschein, walieleza chembe za umbo la fimbo fupi katika okidi za Brazil zenye mabaka hayo. Chembe za namna hii huonekana katika kiini na katika saitoplazimu, na pengine husimama wima kuuzunguka utando, mithili ya vijiti vya gurudumu la baiskeli.

Msomaji na aangalie: sasa kuna magurudumu mawili. Lile la muhogo ni protini iliyokunjwa, ambayo si kirusi. Hili la okidi limejengwa na chembe za kirusi chenyewe. Picha mbili zinazofanana zaweza kuwa na maana mbili, na anayehukumu kwa umbo peke yake atakosea.

Okidi za mwituni zinazoota katika nyanda za juu kusini zina adui mwingine aliye mkubwa zaidi, naye ni jembe. Viazi vya Disa, Satyrium na Habenaria huchimbwa kwa wingi na kupelekwa Zambia kutengenezea chakula kiitwacho chikanda. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Kinachoziunganisha okidi na muhogo ni namna ya kuzalishwa. Okidi ya bustani hugawanywa vipande. Muhogo hupandwa kwa pingili. Hakuna mbegu inayopita katikati kuchuja. Kila kipande ni mmea uleule wa zamani unaoendelea kuishi, pamoja na kila kilichomo katika seli zake. Nzi mweupe hukibeba kirusi cha michirizi kahawia kwa muda mfupi tu, usiozidi siku mbili hivi, na kwa hiyo si yeye anayekisafirisha kutoka wilaya hadi wilaya. Kinachosafiri mbali ni mzigo wa pingili juu ya baiskeli, ndani ya mtumbwi au katika lori, nao hutolewa kwa nia njema na ndugu kwa ndugu.

Na dawa ya kunyunyiza haipo. Njia ya kuusafisha mmea ilipatikana kwanza kwa wapenda maua. Katika ncha kabisa ya chipukizi kuna seli chache zinazogawanyika upesi mno, ambazo mara nyingi virusi havijazifikia. Mwaka 1960 Mfaransa Georges Morel alionyesha kwamba ncha hiyo ya okidi ya jenasi Cymbidium ikikatwa na kukuzwa katika chupa yenye lishe, hutoa mmea usio na kirusi. Mwaka 1979 W. J. Kaiser na L. R. Teemba walieleza jinsi njia hiyo, pamoja na kuuweka mmea katika joto, ilivyoziondoa batobato na michirizi kahawia katika aina za muhogo za Afrika ya Mashariki. Mmea uliosafishwa haukupata kinga, hata hivyo. Ukirudishwa katikati ya mashamba yenye ugonjwa, nzi weupe wataanza upya.

Kinga ya kweli hutafutwa katika uzazi. Kule Amani, tangu miaka ya 1930, Storey na Nichols walichanganya muhogo na jamaa yake mti wa mpira, Manihot glaziovii. Moja ya mazao ya kazi hiyo lingali hai mashambani: kusini mwa Tanzania huitwa Namikonga, na Kenya huitwa Kaleso. Kiroba, aina nyingine ijulikanayo pwani, huambukizwa lakini mizizi yake huvumilia. Uvumilivu huo una ubaya wake: mmea usioonyesha dalili ni mbeba ugonjwa asiyetiliwa shaka.

Mahali pa kutazama

Darasa lisilo na hadubini ya elektroni, wala maabara ya kupima RNA, laweza kufanya kazi ya maana katika shamba la shule. Kwanza ni kujua pa kutazama. Batobato huonekana katika majani machanga ya juu. Michirizi kahawia huonekana katika majani yaliyokomaa, ya chini, kama manjano inayofuata mishipa midogo ya jani, na pengine kama michirizi katika sehemu za shina zilizo bado kijani. Majani hayo ya chini ndiyo yanayopukutika kwanza wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mkulima anayechagua pingili siku ya mavuno huchagua miongoni mwa mashina yaliyokwisha kupoteza ushahidi.

Wanafunzi basi na wapite shambani mapema, majani yakiwa yangali kamili, wakafunge kamba katika kila shina lenye dalili. Shina hilo lisitoe mbegu. Mavuno yakifika, mizizi ya kila shina, lenye kamba na lisilo na kamba, na ikatwe vipande kwa upande, na kila mzizi upewe alama kuanzia 1, mweupe kabisa, hadi 5, ulioharibika sana. Watafiti wenyewe hutumia kipimo hicho. Mavuno ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane yakilinganishwa, itaonekana mara nyingi kwamba madoa yamezidi kadiri muhogo ulivyokaa ardhini. Ndiyo sababu wakulima wengi huvuna mapema, wakikubali mizizi midogo na kuliacha ghala la udongo litupu.

Baadhi ya mashina yasiyo na kamba yatakutwa na mizizi yenye madoa, na baadhi ya yale yenye kamba yatakutwa meupe. Uchunguzi uliofanywa kusini mwa Tanzania katika miaka ya 1990 ulikuta vivyo hivyo. Virusi havienei sawasawa katika mmea: jani moja laweza kujaa mapangaboi, na jani jirani lisiwe na hata moja. Mwalimu asiyahesabu mashina hayo kuwa makosa ya wanafunzi. Yaandikwe daftarini pamoja na mengine, pamoja na jina la aina ya muhogo na mahali pingili zake zilikotoka.